Natafuta habari za babake babu yangu, alikuwa jeshi la Waarabu Mombasa vita vya 1914

kijana_kibokoni

Asalaam aleikum jamani, naomba msaada kwa mwenye kujua mambo ya zamani. Babake babu yangu, upande wa baba, alikuja Mombasa kutoka Shihr kule Hadhramaut, Yemen, akawa muuza maji hapa mjini, halafu vita vya kwanza vilipoingia akaandikwa jeshi. Sisi tumekua tukiambiwa alikuwa ofisa, ati ana askari chini yake na kuna Mzungu mkubwa alikuwa rafiki yake sana. Shangazi yangu asema lilikuwa jeshi la Waarabu, ami yangu yeye ameshikilia ni KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika) na hapo hapo wakikutana kwenye arusi ugomvi waanza. Tulichobaki nacho ni nishani moja ya fedha, ina mtu uchi juu ya farasi, na picha amevaa kilemba na mkanda wa risasi kifuani, nyuma haikuandikwa kitu. Nataka kujua cheo chake cha kweli, alipigana wapi, na kama kule Shihr aliacha watoto, maana nyanya alikuwa akisema tuna ndugu huko na hakuna aliyewahi kuwatafuta. Nshaingia gugo, jina lake halitoki kabisa. Nianzie wapi?

mzee_makadara

Waleikum salaam mwanangu. Kama alikuwa Mshihiri, muuza maji, na akaandikwa hapa hapa mjini 1914, basi mimi niko na shangazi yako. Hilo jeshi la Waarabu, Arab Rifles, liliundwa Mombasa na Arthur Wavell, Mzungu aliyekuwa na shamba la mkonge upande wa Nyali, mtu ajua Kiarabu, na 1908 alishafika Makka akijifanya Mzanzibari. Alipotafuta watu wa kupigana aliwaendea hao hao Wahadhrami waliokuwa wakibeba maji na mizigo mjini. Wengine humu husema walikuwa walinzi wa bandari tu, si kweli, kazi yao ilikuwa kule kusini, kuwazuia Wajerumani wasipande na njia ya pwani kutoka Vanga mpaka hapa. Gazi kulipiganwa tarehe 7 Oktoba 1914 na Wajerumani wakarudi, na lau wangepita pale kisiwa hakikuwa mbali tena. Wavell mwenyewe, wakati huo ashakuwa meja, aliuawa Mwele, bara ya Kwale, tarehe 9 Januari 1916 na vijana wake kadhaa. Mnara wao uko nje ya Fort Jesus, watu wapiga picha ngome wausahau huo. Nenda ukausome kwa macho yako.

Mambo mawili ujihadhari. La kwanza ukitafuta "Wavell" utaletewa yule binamu yake Archibald, Field Marshal aliyekuja kuwa Viceroy wa India, huyo si wenu, tafuta "Arthur Wavell Arab Rifles". La pili hilo la uofisa. Wakati ule kamisheni ya mfalme ilikuwa ya Wazungu, hata KAR walipokuwa na wale maefendi, yaani maofisa wasio Wazungu, wa Kisudani bado hawakuhesabiwa sawa na luteni wa Kizungu. Babu yako aweza kuwa aliongoza watu kweli kweli na watu wakamwita ofisa mtaani, na makaratasi yasimwite hivyo. Haimpunguzii kitu, lakini ukitafuta kwenye orodha za maofisa peke yake utakosa, tafuta na kwenye za askari.

bi_kuze

Mwanangu hiyo nishani USIISUGUE na Brasso wala majivu, wacha kama ilivyo. Hiyo ya mtu juu ya farasi ndiyo British War Medal, upande wa pili utaona kichwa cha King George wa tano. Sasa ishike uangalie ule ukingo wake wa pembeni, sio mbele sio nyuma, pembeni pale mzunguko, chukua tochi ya simu. Wengi hawajui kama pale hupigwa chapa namba, cheo, jina na kikosi. Hapo ndipo shangazi na ami wataamuliwa. Na kuwa ni ya fedha pia ni habari, kwa sababu zilikuweko na za shaba walizopewa watu wa vikosi vya kazi, kwa hivyo huenda wako alihesabiwa mpiganaji.

Jina halitoki kwa sababu karani Mzungu aliandika alivyosikia. Hao wazee wetu hawakuwa na surname, mtu ni fulani bin fulani, basi karani achukua jina la baba alifanya la mwisho, ukoo autupa. Jaribu kila namna, Saleh, Sale, Salehe, Swaleh, weka Ba ondoa Ba, weka Al ondoa Al.

Halafu musikimbilie Ulaya kabla hamujamaliza hapa. Kama alinunua au kurithi hata kipande cha kiwanja, sheria ya Land Titles ya 1908 iliwafanya watu wa pwani wapeleke madai yao yasikizwe, na mule hutajwa jina la baba, jirani, mashahidi. Na alipokufa mirathi ilipitia kwa Kadhi, na kwenye mirathi ndipo mke wa Shihr hutokea ambaye huku Mombasa hakuna aliyekuwa akimtaja! Mimi nimeona koo mbili zikijuana hivyo. Muulize na shangazi alizikwa wapi, Kikowani au Manyimbo, na nani alisoma hitma, kwa sababu waliohudhuria ndio watu wa kwao. Mrekodi kwa simu leo leo, mwache azungumze, usimkatize kwa tarehe.

damu_ya_kaloleni

Samahani nami niseme langu bila ubaya. Mwaka huo huo wa 1914 KAR ndio waliotumwa kuwachomea Wagiriama nyumba zao baada ya Mekatilili, mama aliyewaongoza kuwapinga Waingereza, kukamatwa na kupelekwa mbali kule Kisii. Kwetu hadithi hizo zaambiwa mpaka leo, na watu walihamishwa wakatolewa ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki kwa nguvu. Kwa hivyo ikitokea ami ndiye mkweli, ndugu yangu, usiangalie Gazi peke yake, angalia na tarehe alipokuwa wapi Agosti na Septemba. Sisemi umwonee haya babu yako, nasema uandike yote, hata yale yatakayowauma watoto wako kidogo.

mzee_makadara

Umesema haki na asichukie mtu. Mwenye kuandika nasaba akaficha nusu anawadanganya wajukuu wake.

kijana_kibokoni

Nashukuruni sana wote. Nimeiangalia nishani na tochi, wallahi hatukuwahi kujua kuna maandishi pale, miaka yote iko kwenye kabati! Namba yasomeka, cheo kimefutika, jina lake lipo lakini ukoo wetu haupo kama alivyosema Bi Kuze, limewekwa jina la babake mwisho, na baadaye laanza neno ARAB na mengine yamelika. Shangazi nimempigia amepiga kigelegele kwenye simu. Damu ya Kaloleni nimekuelewa na sikuchukia, nitaandika yote. Sasa hiyo namba naipeleka wapi?

msoma_nyaraka

Sasa umefika pazuri. Ingia saiti ya National Archives ya Uingereza, iliyo Kew, tafuta kwenye WO 372, hizo ndizo kadi za nishani za vita vya kwanza. Kutafuta ni bure. Usiandike jina zima, andika jina moja tu na neno Arab, zikitoka kadi nyingi linganisha namba na ile ya ukingoni, jina lolote litakavyokuwa limeharibiwa namba haikudanganyi. Kadi ndiyo itakayokupa cheo kilichofutika. Shajara za vikosi za vita ziko WO 95, humo majina ya askari ni machache lakini utajua kikosi kilikuwa wapi siku gani, na hilo laweza kumjibu huyo ndugu wa Kaloleni pia.

Hapa kwetu, Gazeti Rasmi la serikali la miaka hiyo limeskaniwa na liko onlaini bure, lina uteuzi wa maofisa na matangazo ya mirathi, tafuta kwa lile jina la kwenye nishani sio la nyumbani. Nyaraka za Taifa Nairobi pale Moi Avenue uliza faili za PC Coast (Provincial Commissioner, mkuu wa mkoa wa Pwani), wenda na kitambulisho.

Ya Shihr ningeiacha mpaka uwe na jina la baba yake huyo mzee wenu na la babu yake, manake kule watu huulizana kwa nasaba na ukoo, ukienda na jina moja la Mombasa utawapata mia wa jina hilo. Ukishakuwa na majina matatu ya kufuatana pamoja na ukoo, waulize kwanza Washihiri wa hapa Mombasa wenye ukoo huo huo, wengi wao bado wana namba za simu za jamaa zao kule.