Paka mzee mwenye kisukari amekataa chakula: nimchome insulini au niache?

Mkazi wa Nyegezi:
Wanajukwaa, habari za jioni. Ninaomba ushauri wa haraka kuhusu paka wangu Mzee, dume aliyehasiwa mwenye umri wa miaka 13, ambaye aligundulika kuwa na kisukari mwaka jana na tangu hapo anachomwa insulini ya glajini asubuhi na jioni, kila mara baada ya kula. Tangu jana asubuhi hajala kitu cha maana. Si kwamba chakula hakitaki: akisikia sufuria ya sato inafunuliwa anakuja, ananusa, anaramba midomo na kumeza mate, kisha anageuza shingo na kwenda kujikunja chini ya meza. Hata sangara, ambaye kwa kawaida humfanya apande mezani bila ruhusa, amemkataa. Maji anakunywa, tena mengi. Alasiri nilimpima sukari kwa tone la damu ya sikioni, ikasoma 19 (milimoli kwa lita). Nikimchoma akiwa na tumbo tupu naogopa sukari itashuka mno, na nisipomchoma naogopa itazidi kupanda. Daktari anayemtibu amesafiri kwenda Ukerewe na simu yake haipatikani. Nifanye nini usiku huu?

Jirani wa Mwaloni:
Pole sana ndugu yangu. Paka wa huku sokoni hukinai samaki wakiwaona kila siku, kwa hiyo huenda amechoka tu na mboga ile ile. Mimi ningeacha sindano kabisa mpaka atakapokula mwenyewe.

Daktari wa Mifugo, Igoma:
Kwa heshima zote kwa jirani yetu, hapo sikubaliani naye, na ninaomba mleta uzi asisubiri. Paka aliyekinai hupita bakuli bila kulijali. Paka anayekuja, akanusa, akaramba midomo, akameza mate na kuondoka, huyo anasikia njaa lakini kichefuchefu kinamzuia. Kwa paka mzee mwenye kisukari, kichefuchefu cha namna hiyo mara nyingi hutokana na uvimbe wa kongosho, figo zilizochoka, maambukizi ya njia ya mkojo au ketoni (mabaki yenye asidi ya mafuta yanayounguzwa mwilini) kujaa katika damu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoponywa kwa kubadilisha mboga.

Kuhusu insulini, kumpa dozi kamili bila chakula ni hatari, lakini kuiacha kabisa kwa paka ambaye sukari yake ni 19 nako kuna hatari yake: mwili usiopata insulini huanza kuunguza mafuta, ketoni huongezeka, na damu hugeuka kuwa na asidi. Ndiyo maana kwa hali kama hii madaktari wengi hupunguza dozi hadi nusu badala ya kuikata. Pima tena kabla ya kuchoma. Ikiwa imeshuka chini ya 10, usichome usiku huu. Ikiwa bado iko juu, mpe nusu, kisha umpime tena baada ya saa tatu au nne, ukikumbuka kwamba mashine za binadamu kwa kawaida husoma sukari ya paka chini kidogo ya ilivyo. Akianza kuyumba, kulegea au kutetemeka, mpake asali au glukosi kwenye fizi, usimmiminie kooni, na umkimbize kwa daktari.

Halafu nenda duka la dawa ukanunue vijiti vya kupimia ketoni kwenye mkojo. Hilo lifanyike leo.

Mfugaji wa Bwiru:
Naongeza jambo moja la vitendo, kwa sababu kupata mkojo wa paka huwatesa wengi. Mwaga mchanga wote wa beseni lake, lisafishe, uweke vipande vya mfuko wa nailoni vilivyokatwakatwa. Atachakura kama kawaida na mkojo utabaki chini bila kunywewa. Wakati unasubiri, pasha mchuzi wa sato usio na chumvi wala kitunguu, uwe vuguvugu ili harufu ipande, umpe kidogo kwenye kisahani. Kitunguu huharibu damu ya paka, kwa hiyo mchuzi wa nyumbani tuliouunga haufai. Asipoulamba, usimlazimishe kwa bomba, maana anaweza kupaliwa, na paka aliyelishwa kwa nguvu akiwa na kichefuchefu hukichukia chakula hicho hata akipona. Na mtu yeyote asikushauri Panadol, humuua paka.

Mkazi wa Nyegezi:
Asanteni sana. Kabla ya sindano sukari ilikuwa 20, nikampa nusu. Mkojo nimeupata kwa njia ya nailoni, na kijiti kimegeuka zambarau, si iliyokoza kama ya mwisho kwenye chati ya kopo, bali ile ya katikati. Je, anaweza kusubiri mpaka daktari wake arudi kesho kutwa?

Daktari wa Mifugo, Igoma:
Hapana, asisubiri. Ketoni pamoja na kutokula ni dharura, kwa sababu anahitaji maji ya mshipani, dawa ya kuzuia kutapika na vipimo vya chumvi za damu, hasa potasiamu, mambo ambayo hayawezekani nyumbani. Zaidi ya hapo, paka asiyekula kwa siku mbili tatu, hasa aliye mnene, mafuta humjaa kwenye ini, na hapo tunakuwa na magonjwa mawili. Mtafute daktari yeyote wa mifugo mjini anayepokea wagonjwa usiku, na kama hakuna, uwe mlangoni asubuhi kunapokucha. Beba kichupa cha insulini na bomba lake la sindano, kwa kuwa kuna insulini ya uniti 40 na ya uniti 100 kwa mililita na daktari mgeni hawezi kukisia. Beba pia daftari la vipimo vyake, na umweleze saa uliyompa nusu dozi. Nimekutumia namba yangu kwa ujumbe wa faragha. Piga sasa hivi.

Mkazi wa Nyegezi:
Nimeipata, ninapiga. Bajaji iko nje.