Nyumba ya kona hapa Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, inageuzwa mkahawa: mnadhani utakuwa wa chakula gani?

Mkaazi wa Kiponda:

Assalaam alaykum, majirani. Nyumba ya ghorofa mbili iliyo kwenye kona ya uchochoro wetu, ambayo ilikaa imefungwa miaka mingi tangu warithi wake wahamie Muscat, imefunguliwa, na kwa wiki tatu sasa mafundi wanaingia asubuhi na kutoka magharibi. Hakuna bango lililotundikwa, wala hajaja mtu kujitambulisha. Kwa kuwa gari haipiti kwetu, kila kinachoingia humo lazima kipite kwa mkokoteni mbele ya baraza letu, na sisi tunaokaa hapo baada ya sala ya alasiri tumekwisha kuona vitu vya kutosha kutufanya tuamini kwamba panafunguliwa mahali pa kulia chakula: mitungi mitatu ya gesi ya kilo 38, masufuria ya shughuli, friza la kulala, meza nne tu, na vipande vya bomba la bati lenye upana wa ndoo.

Juzi kiliingia kitu kilichozidisha maneno. Ni mtungi wa udongo unaomfika mtu mzima kifuani, umefungwa magunia. Mkokoteni ulikwama penye pembe, vijana wanne wakaushusha na kuubeba kwa mikono, na gunia lilipoteleza niliuona mdomo wake: udongo mnene kama upana wa kiganja, umechanganywa na majani makavu, haujapata kuguswa na moto. Tangu siku hiyo kila mtu barazani ana lake. Mmoja anashikilia kuwa ni mkahawa wa Kihindi, mwengine anasema ni mandi, na wa tatu, aliyewaona mafundi wakitengeneza ngazi mpya ya kwendea paani, ana hakika kwamba tunaletewa baa ya wageni juu ya vichwa vyetu.

Siulizi kwa udadisi mtupu. Ukuta wa nyumba hiyo na wetu ni mmoja, na dirisha la chumba cha mama yangu, ambaye ana pumu, linatazama paa lake. Kwa vitu hivi nilivyovitaja, mnaona kutapikwa nini humo, na sisi majirani tuulize nini kabla milango haijafunguliwa?

Mpishi wa Shughuli:

Wa alaykumu salaam. Nimepika katika harusi na hitima za mji huu kwa zaidi ya miaka 20, kwa hivyo nitajaribu kuvisoma vyombo ulivyoviona.

Mtungi huo ni tanuri, na jambo la kuangalia ni wapi litawekwa. Likizikwa mpaka mdomo wake ukalingana na sakafu, basi ni la mandi ya Kihadhrami. Makaa huwashwa chini kabisa, sufuria ya mchele huteremshwa juu yake, na nyama ya mbuzi au kuku huwekwa kwenye wavu juu ya mchele ili mafuta yadondokee humo. Kisha mdomo hufunikwa na kuzibwa pembeni ili hata mvuke usitoke, na chakula hukaa hivyo kwa saa mbili au zaidi. Likisimamishwa, likajengewa matofali kulizunguka na mdomo ukawa usawa wa kiuno, basi ni la mikate. Hapo mpishi huingiza mkono na kuubandika unga uliotandazwa kwenye ukuta wa ndani wenye moto, na baada ya muda mfupi huubandua kwa chuma chenye ncha iliyopindwa. Ndivyo inavyochomwa naan ya Kihindi, na ndivyo unavyochomwa mkate wetu wa ajemi. Kwa hivyo muulize fundi mmoja swali moja tu: mnachimba au mnajenga? Jibu lake litamaliza nusu ya ubishi wa barazani.

Meza nne nazo zinanifikirisha. Mtungi mmoja wa kilo 38 hunitosha mimi kwa shughuli zaidi ya moja ya watu 200, na mkahawa wa meza nne hauna haja ya mitungi mitatu kwa mpigo, isipokuwa mwenyewe amekusudia kuwapikia watu wengi wanaochukua chakula na kwenda kula kwao. Dhana yangu ni mkate wa asubuhi pamoja na mchuzi au maharage ya nazi, kisha wali wa mchana wa kufungiwa. Ikiwa ni hivyo nitafurahi sana, kwani ajemi ya kununua ikiwa bado ina joto la tanuri ni neema kwa mtaa wowote.

Jambo moja la haraka kuhusu mama. Tanuri jipya halipewi moto mkali siku ya kwanza, bali huwashiwa moto mdogo kwa siku kadhaa mpaka unyevu wote utoke, vyenginevyo hupasuka. Siku hizo moshi wake huwa mzito kuliko wa kawaida, hivyo ingefaa mama ahamie kwa muda katika chumba kinachotazama upande mwengine.

Fundi Chokaa:

Wenzangu mnajadili chakula, nami nawaomba mwitazame nyumba yenyewe. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zina unene wa nusu mita na zaidi, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Vyumba vyetu vingi ni vyembamba, upana wake ni kiasi cha mita 3, kwa sababu boriti haifiki mbali zaidi ya hapo. Kuta za namna hii hupumua: unyevu unaoingia hutoka tena kupitia chokaa. Sasa jiko la biashara hutoa mvuke mchana kutwa, na mwenye jiko hutaka ukuta unaooshika, kwa hivyo huupaka saruji au rangi ya mafuta. Unyevu ukikosa pa kutokea hupanda juu, ukafika kwenye ncha za boriti zilizozikwa ukutani, na boriti huanza kuoza hapo ambapo hakuna jicho linalofika. Nimewahi kuitoa boriti iliyokuwa nzima kabisa katikati, ngumu hata ikigongwa na nyundo, lakini ncha yake iliyokuwa ndani ya ukuta, kiasi cha shubiri moja, niliibonyeza kwa kidole ikabonyea kama mkate uliolowa maji. Na ukuta huo, ndugu yangu, umesema ni wenu pia.

La pili ni tanki la maji la mkahawa. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, nazo hukaa mahali pamoja usiku na mchana. Zikiwekwa juu ya paa la boriti, kisha pakapandishwa meza na wateja, mzigo huo haukuwa katika hesabu ya waliojenga. Hatujasahau tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya jumba la Beit el Ajaib ilipoporomoka wakati wa matengenezo na watu wawili wakapoteza maisha. Sisemi kwamba nyumba ya kona imefikia hali hiyo, kwani sijaiingia. Nasema tu kwamba nyumba za zamani hazisamehe.

Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mabadiliko ya jengo humu yanataka kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Ombeni kwa adabu kuonyeshwa kibali pamoja na mchoro, kisha muulize tanki litakaa wapi na ukuta wa jikoni utapakwa nini. Yote mawili yana dawa. Tanki kubwa huwekwa chini uani, pampu ikapandisha maji kwenye tanki dogo la juu. Na vigae vya jikoni hubandikwa kwenye mbao zilizoachiwa nafasi ya hewa kati yake na ukuta, badala ya kubandikwa kwenye ukuta wenyewe.

Binti wa Malindi:

Naomba tusiseme baa kabla hatujamjua mwenyewe. Ngazi ya paani si ushahidi wa kitu, kwani hata kwetu tunapanda paani kuanika nguo na kupunga upepo. Ikiwa kweli kuna ombi la kibali cha vileo katika mtaa wenye msikiti na madrasa, naamini jambo hilo haliwezi kumpita sheha, kiongozi wa serikali katika mtaa, basi na aulizwe sheha.

Linaloniumiza mimi ni jengine, na nashangaa hakuna aliyemtaja bibi wa urojo. Tangu sijaanza skuli anakaa kwenye baraza la nyumba hiyohiyo kila jioni, na sufuria lake la rojo la manjano, sinia la bajia na katlesi, na bakuli la chatini ya nazi alilolifunika kitambaa cheupe. Anapokichukua kibakuli chako hutia kwanza vipande vya viazi, kisha bajia, kisha humimina rojo mpaka lifike ukingoni, na chipsi za muhogo huzivunja kwa mkono juu yake mwisho kabisa, ili zisilainike kabla hujakaa. Baraza hilo ni la nyumba. Mkahawa ukitoa meza nje, yeye ataondoka, na hatapata kona nyengine yenye wapita njia kama hiyo. Naomba swali lake liwe la kwanza, kabla ya moshi na kabla ya tanki. Mwenye mkahawa hatapata hasara kwa kumwachia nafasi yake, kwa sababu wateja wake wa magharibi ndio watakaokuwa wateja wa mkate asubuhi.

Nahodha Mstaafu:

Nitasema juu ya moshi peke yake. Umetuambia dirisha la mama linatazama paa hilo, lakini hukusema liko upande gani wa bomba, na hilo ndilo linaloamua kila kitu. Sasa tumo katika kusi, upepo utokao kusini, kwa hivyo dirisha lililo kusini ya bomba halitaona moshi wowote, na wenye nyumba watasema kwa moyo safi kwamba hakuna tatizo. Ikifika Disemba, kaskazi, upepo utokao kaskazini, itakapoanza kuvuma, moshi uleule utawageukia wao. Na wakati wa tanga mbili, upepo unapolegea, moshi haupandi wala hauendi mbali, bali hushuka katika vichochoro na kulala humo. Kwa hivyo waitwe majirani wa pande zote mbili, na bomba lipandishwe lipite dirisha la juu kabisa la nyumba zinazolizunguka, si paa la nyumba ya mkahawa pekee.

Mkaazi wa Vuga:

Kwetu mkahawa ulifunguliwa miaka michache iliyopita, nisingependa kuutaja. Chakula chake kilikuwa kizuri na wenyewe ni watu waungwana, lakini mafuta ya kukaangia yakimwagwa katika karo kila usiku. Masika ya kwanza yalipoingia, chemba ya mtaa ilifurika mpaka tukawapitisha watoto juu ya matofali kwenda madrasa. Fundi alipoifungua alitoa mafuta yaliyoganda, meupe, kwa sepetu. Muulizeni kama ameweka mtego wa mafuta kabla ya maji kuingia katika bomba la mtaa, na nani atakayeusafisha, na kila baada ya siku ngapi.

Mkaazi wa Kiponda:

Nawashukuru nyote kwa kuchukua muda wenu. Leo asubuhi nilimuuliza fundi kama alivyonielekeza Mpishi wa Shughuli, naye alijibu bila kusita kwamba wanajenga. Tanuri limesimamishwa uani, matofali yamefika kiunoni, kwa hivyo mandi imeondoka katika hesabu. Baadaye nilikwenda kwa sheha. Amesema mwenye biashara ni mjukuu wa mwenye nyumba wa kwanza, amerudi kutoka Muscat na familia yake, na karatasi zilizomfikia yeye ni za chakula tu. Suala la baraza na bibi wa urojo halijasemwa na mtu, na sheha mwenyewe amelipokea kwa uzito.

Habari isiyonifurahisha ni kwamba matangi mawili yamekwisha kupandishwa paani. Fundi Chokaa, nakuomba sana uwepo Jumamosi baada ya alasiri, kwani sheha amekubali tukutane hapa barazani pamoja na mwenye mkahawa, na mimi sina maneno ya kumweleza mambo ya boriti yakaingia akilini kama uliyoyaeleza wewe. Nahodha, dirisha la mama liko kusini ya bomba, hivyo sisi ndio wa Disemba. Tumemhamishia chumba cha barabarani, na moto mdogo wa kwanza umewashwa jioni hii.

Nina swali moja kwa Mpishi. Leo yameingia magunia mawili ya unga wa ngano na debe zima la ufuta. Je, hii ni dalili ya mkate wa ufuta badala ya ajemi?

Mpishi wa Shughuli:

Ufuta peke yake hautoshi kuamua, kwa sababu wapo wanaounyunyiza hata juu ya ajemi. Mkate wa ufuta wenyewe huchanganywa kwa tui la nazi, na hauhitaji tanuri: hutandazwa katika kikaango, ukishika chini kikaango hugeuzwa ili uso wa mkate uelekee makaa, nao hushikilia bila kuanguka. Tazama mkokoteni wa kesho na keshokutwa. Zikipita nazi kwa magunia, basi wanapika yote mawili, na mimi Jumamosi nitafika kabla ya alasiri.