Nahamia stesheni nyingine. Mzee wangu wa kahawa naye anaruhusiwa kuhama?

Mkaa Kibokoni:
Assalam aleikum jamaa. Mimi ni mwigizaji wa vichekesho hapa Mombasa. Kwa miaka mingi nimekuwa muuza kahawa mzee wa Mji wa Kale katika stesheni moja: kikoi, kofia ya vito, dele mkononi, na kile kikohozi anachokitoa kila akitaka kusema uongo. Nilianza kumwigiza harusini, kabla sijaijua kamera. Jina alipewa na produsa. Sasa stesheni nyingine yanitaka, kwa sharti nije na mzee. Wakubwa wangu wasema mzee ni wao, niende peke yangu. Watoto wa mtaani hawanijui kwa jina jingine ila hilo la mzee. Nifanyeje?

Bint Majengo:
Usimwache! Sisi nyumbani twamfuata mzee popote atakapotokea. Nyanya yangu hata hajui chaneli ni ipi, hungoja tu kile kikohozi.

Wakili wa Tudor:
Ndugu yangu, mapenzi ya watazamaji hayaandiki mkataba. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi uliyoifanya ukiwa mwajiriwa, au uliyoagizwa na kulipwa, huwa ya aliyekuajiri au aliyekuagiza, isipokuwa mliandikiana vingine. Kwa hiyo vipindi vilivyorekodiwa vihesabu kuwa vyao. Lakini uliyoyafanya harusini kabla yao ni hoja nzito. Kuna video? Zitafute leo, na tarehe zake, na waliokuwepo. Kisha uliza KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara, kama jina la mzee limesajiliwa. Usajili hudumu miaka 10, na huhuishwa.

Sauti ya Likoni:
Haya yamewakuta wakubwa. David Letterman, mchekeshaji wa Marekani, alipotoka stesheni ya NBC kwenda CBS mwaka 1993, NBC walidai baadhi ya vituko vyake ni mali yao. Calvert DeForest, mwigizaji wake aliyekuwa akiitwa Larry "Bud" Melman kipindini, ikabidi atokee CBS kwa jina lake halisi. Mtu ni yuleyule, miwani ni ileile, jina likabaki nyuma. Stephen Colbert, mchekeshaji mwingine wa huko, naye mwaka 2016 akiwa CBS alimrudisha mhusika wake wa Comedy Central, chaneli aliyotoka, mawakili wakamjia juu, akamleta binamu anayefanana naye kama pacha.
Ila wapo waliohama vizuri. Alan Partridge, mhusika wa mchekeshaji Mwingereza Steve Coogan, alizaliwa redioni BBC mwaka 1991, akapita stesheni ya Sky mwaka 2012, na mwaka 2019 akarudi BBC.

Bint Majengo:
Basi abadilishe jina tu! Kikohozi hawawezi kukisajili.

Wakili wa Tudor:
Bint, hapo kuna jambo. Lakini kikoi, dele na kikohozi vikienda pamoja, wanaweza kudai umemnakili mzee mzima. Njia salama ni kuomba kibali cha maandishi, hata kwa malipo ya kila msimu.

Mkaa Kibokoni:
Nashukuru sana. Nimeusoma mkataba tena: wataja vipindi na jina, mhusika hatajwi popote. Na binamu yangu anayo kanda ya harusi ya Mwembe Tayari, mzee yumo na kikohozi chake.

Wakili wa Tudor:
Itie nakala kadhaa, ya kwanza nipe mimi. Na usitangaze popote kwamba unahama na mzee mpaka barua iwe mkononi.