Mastrima (wanaorusha gemu laivu mtandaoni) wanapewa habari za gemu kabla yetu, ni haki?

Swali: Jamani kila apdeti ikitoka mastrima na maproo (wachezaji wa kulipwa) washaijua, washafanya na mazoezi, sisi tunashtukizwa tu. Mnaonaje?

Jibu: Biashara hiyo kaka. Gemu la Valorant 2020 ulikuwa unakodolea strimu za Twitch, ule mtandao wa mastrima, masaa ndo labda upate kuingia beta (toleo la majaribio), tangazo la bure hilo 😂

Jibu: Maproo mi nawaelewa, wanagundua kasoro haraka. Ila Azir, mhusika wa gemu la League of Legends, kapunguzwa nguvu mara kibao sababu yao, huku kwetu chini wengi hata kumtumia hawamuwezi na wanapigwa tu

Jibu: Mi kinachonikera strima aliyepewa siri mapema ataikosoa kampuni kweli? Anaogopa kutolewa kwenye listi