Naomba ushauri: molekuli za fuwele za kimiminika zinageuka kabla ya volti ya kizingiti

Ndugu wataalamu, ninafanya jaribio la shahada ya uzamili juu ya fuwele za kimiminika (vimiminika ambavyo molekuli zake zimejipanga kuelekea upande mmoja) aina ya 5CB, nilizoziweka kati ya vioo viwili vilivyoachana kwa mikrometa 10, ili nione jinsi uga wa umeme unavyozigeuza molekuli zilizolala sambamba na vioo. Kwa nadharia ya Freedericksz, unyumbufu wa fuwele huzuia molekuli zisigeuke mpaka volti ifike kizingiti, ambacho kwa 5CB ni karibu volti 0.7 hadi 0.8 na hakitegemei unene wa tabaka, tofauti na kizingiti cha uga wa sumaku.

Kinachonisumbua ni kwamba mwanga unaopita kwenye polaraiza (kichujio kinachopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu) huanza kubadilika mapema na polepole, bila ukomo dhahiri. Natumia mkondo geu wa hezi 1,000, hivyo sidhani kama tatizo ni ayoni (chembe zenye chaji ndani ya kimiminika). Chumba kina nyuzi 31, na 5CB hupoteza mpangilio wake kwenye nyuzi 35 hivi. Je, ni joto linaloshusha kizingiti, au molekuli zimeinama kidogo tangu mwanzo kutokana na nilivyosugua vioo ili kuzipanga? Nitazitenganishaje sababu hizi bila kifaa cha kudhibiti joto?