Naomba ushauri: nanyanyua vyuma miezi mitatu, mzani umegoma

Wakuu habari za saa hizi, mimi mdada wa miaka 34, naishi Tabata kazi Posta. Nilianza jimu nikiwa na kilo 91, siku tatu kwa wiki, skwati, kuvuta, kusukuma, na kweli nguvu imekuja maana zamani kupandisha ndoo ya lita 20 ghorofani ilikuwa shughuli. Sasa mzani unasoma 89. Mbili tu jamani! Ila suruali zinanipwaya kiunoni, kocha anasema mafuta yanapungua huku misuli inaongezeka, sijui ananifariji tu.

Shida kubwa ni msosi. Najitahidi kula taratibu, simu naweka mbali, natafuna vizuri, nasikilizia maana tumbo linachukua kama dakika 20 hivi kuupa ubongo taarifa kwamba limeshiba, mchana kwa mama ntilie naweza kabisa, wali nusu, maharage na samaki vya kutosha. Balaa usiku. Nimetoka jimu, nimekaa foleni ya Buguruni weee, nashuka kituoni harufu ya chipsi mayai hii hapa, nakula nimesimama hata sijui nimemaliza saa ngapi.

Waliopitia hii, usiku baada ya mazoezi mnakula nini? Na mzani nipime kila siku au niutupe nibaki na tepu ya fundi cherehani?

Wauza chai za kukata tumbo msinifuate inboksi, nishaliwa hela huko.