Mshumaa wa Valentine: nta kiasi gani, na kadi iandikwe nini?

Mama Utambi: Wadau, glasi ya mililita 200 inataka nta ya nyuki kiasi gani? Na mbona mshumaa huchimba shimo katikati, nta ya pembeni ikabaki vilevile? Pia, kwenye kadi naweza kuandika kwamba sikukuu hii ilitokana na Lupercalia ya Warumi?

Fundi Kariakor: Gramu 150 zatosha, nafasi ibaki juu. Yeyushia kwenye kopo lililo ndani ya sufuria ya maji moto, kamwe si motoni moja kwa moja. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Mimina ikifika kama 75. Pasha glasi kwanza, la sivyo nta itaganda upesi na kupasuka. Friji sahau kabisa. Shimo linatokana na utambi mwembamba: nta ya nyuki inataka utambi wa pamba mnene kuliko nta ya parafini. Mara ya kwanza mshumaa uwake hadi nta iyeyuke mpaka ukingoni.

Msomaji wa Usiku: Lupercalia iache, mama. Ilikuwa tarehe 15 Februari, mbuzi wakichinjwa na vijana wakikimbia wakichapa watu kwa kanda za ngozi. Mapenzi hapo yako wapi? Aliyeihusisha siku ya Valentine na wapenzi ni mshairi Geoffrey Chaucer, karne ya 14: katika shairi lake, ndege wanakutana siku hiyo kuchagua wenzi. Chora ndege wawili.

Fundi Kariakor: Na utambi ukate ubaki milimita 6, usitoe moshi.